Canadian Death Race: nikimbie peke yangu, au tuingie kama timu ya kupokezana?

Mkimbiaji wa Bondeni (mwuliza swali)

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Ninaishi Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, na nina kundi la watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, ambao kila Jumamosi alfajiri tunakimbia pamoja kwenye njia za bonde la Mto North Saskatchewan. Sote tumekwisha kumaliza marathoni za barabarani, na tangu majira ya baridi tumekuwa tukizizungumzia mbio za Canadian Death Race, ambazo zilianza mwaka 2000 na hufanyika katika mji mdogo wa Grande Cache, kwenye Milima ya Rocky, wikendi ndefu ya mwanzo wa Agosti. Kwa wasiozifahamu, ni kilomita 125 kupitia vilele vitatu, Flood, Grande na Hamel, zenye mabadiliko ya mwinuko ya futi 17,000, yaani zaidi ya mita 5,000, na zote zinapaswa kumalizwa ndani ya saa 24. Karibu na mwisho kuna kuvuka mto kwa boti mahali panapoitwa Hell's Gate, ambapo mito ya Smoky na Sulphur hukutana.

Njia hiyo imegawanywa katika vipande vitano. Mtu anaweza kuikimbia yote peke yake, au timu ikaipokezana. Hapo ndipo tulipogawanyika. Wenzangu wanaona kwamba idadi yetu ya watu watano imekuja kwa heri na kwamba tujiandikishe kama timu. Mimi moyo wangu unanivuta kukimbia peke yangu. Marathoni ninaimaliza chini ya saa 4, magoti yangu ni mazima, na ninaamini kwamba mwaka mmoja wa maandalizi unatosha. Hata hivyo sijawahi kukimbia mlimani usiku, na mazoezi yangu marefu kuliko yote hayajazidi kilomita 45.

Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu. Je, kasi ya marathoni inamsaidia mtu huko milimani, na kwa kiasi gani? Je, kukimbia kipande kimoja katika timu kunamfundisha mtu jambo lolote litakalomfaa akija kukimbia peke yake mwaka unaofuata? Na endapo tutaingia kama timu, vipande tuvigawe kwa kigezo gani?

Nyayo za Lushoto

Ndugu yangu, hongera kwa kuuliza mapema. Ninaishi Calgary, nimewahi kushiriki mbio hizo nikiwa katika timu na nikiwa peke yangu, na ninafurahi sana kuona Waswahili wakianza kuzifuatilia.

Nianze na kasi, kwa sababu hapo ndipo wakimbiaji wa barabarani hupotoshwa na hesabu. Kilomita 125 kwa saa 24 ni wastani wa kilomita 5.2 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Mtu aliyezoea kwenda kilomita 11 kwa saa kwenye lami akiuona wastani huo hudhani kwamba atakuwa na akiba kubwa ya muda. Akiba hiyo humezwa na milima. Kwenye mwinuko mkali karibu kila mtu hutembea, wakiwamo wanaoshika nafasi za mbele, na kilomita moja ya kupanda inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Kwenye mteremko wenye mawe na mizizi huwezi kukimbia kwa kasi ambayo mapafu yako yanaruhusu, bali kwa kasi ambayo macho na vifundo vya miguu vinaruhusu. Ongeza muda wa kula, kubadilisha soksi na kujaza maji vituoni, na utaona kwamba wengi wanaomaliza peke yao hufika wakiwa wamebakiwa na muda mchache tu. Pumzi uliyoipata barabarani itakufaa, sikatai. Hata hivyo pumzi si jambo la kwanza linalomwangusha mtu huko.

Kuhusu timu, ushauri wangu ni kwamba ingieni kama timu mwaka huu, na wala msiichukulie kuwa ni njia ya mkato. Kipande cha kwanza, cha takriban kilomita 19, hakina kilele, na kinamfaa mwenye kasi ya barabarani ambaye hajazoea milima, ilimradi asichukuliwe na msisimko wa watu wengi wanaoanza pamoja. Kipande cha pili, cha kilomita 27 hivi, kinapanda Flood na kisha Grande, na mteremko wa kurudi mjini ni mkali kiasi cha kuwafanya watu washuke ubavuubavu. Mpeni mwenye mapaja imara na mwenye subira, si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Kipande cha tatu ni kifupi na kwa jumla kinashuka, ila hukimbiwa mchana kukiwa na joto, na anayekipokea huwa amekaa akisubiri kwa saa nyingi. Kipande cha nne ndicho kirefu kuliko vyote, kinakaribia kilomita 38 na kinapanda Mlima Hamel, ambao kilele chake kina zaidi ya mita 2,100. Huyo ndiye mkimbiaji wenu wa kutegemewa, na lazima awe na taa ya kichwani hata kama anaanza jua likiwa bado liko juu. Kipande cha tano kwa timu nyingi ni cha usiku msituni, na humo ndimo mnamovuka mto.

Kuna jambo ambalo timu mpya hulisahau, nalo ni sarafu. Kila mkimbiaji wa peke yake, na kila timu, hupewa sarafu moja ambayo lazima ifike mtoni na kukabidhiwa mvushaji, kama wafu wa Wayunani wa kale walivyomlipa Kharon ili awavushe. Asiye na sarafu havuki. Katika timu sarafu hiyo hupita mikononi mwa watu wote watano, kwa hiyo amueni kabla ya siku ya mbio kwamba itakaa wapi, na kila kituo cha kupokezana mtu aseme kwa sauti kwamba ameipokea. Mfuko wenye zipu, usiowekwa kitu kingine chochote, ndio mahali pake.

Na msidharau kazi ya kusubiri. Mtu wa kipande cha nne anaweza kukaa tangu asubuhi hadi alasiri bila kujua mwenzake atafika lini. Akila ovyo, akizunguka mjini na kusimama juani, ataanza kukimbia akiwa amekwisha kuchoka.

Mwana wa Kivu

Ninamheshimu Nyayo za Lushoto, na maelezo yake kuhusu vipande ni sahihi. Lakini kuhusu swali la pili ninatofautiana naye. Timu itakufundisha njia, itakufundisha namna vituo vinavyofanya kazi, na itakupa kumbukumbu nzuri. Haitakufundisha kile ambacho kitaamua hatima yako ukiwa peke yako, nacho ni kushuka mlima kwa mapaja yaliyokwisha kuchakaa.

Naomba nieleze, kwa sababu wakimbiaji wengi wa kwetu huogopa kupanda na hawafikirii kushuka. Unapopanda, misuli ya paja hujikunja na kuusukuma mwili juu. Huo ni uchovu wa kawaida, na ukipumzika na kula unarudi katika hali yako. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hufanya kazi ya breki, maana inabeba uzito wa mwili huku ikinyooshwa. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli, na uharibifu huo hauponi kwa saa moja ya kukaa kituoni wala kwa kula sukari. Mtu wa timu anayeanza kipande cha nne anashuka Hamel akiwa na mapaja mapya. Mtu wa peke yake anashuka Hamel baada ya kushuka Flood na Grande, akiwa na zaidi ya kilomita 80 miguuni, tena mara nyingi gizani. Hizo ni safari mbili tofauti, ingawa ramani ni moja.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza. Ukishuka milima mara kwa mara, kwa kiasi kinachoongezeka polepole, nyuzi hujengeka upya zikiwa imara zaidi, na maumivu ya safari inayofuata hupungua sana. Edmonton haina milima, lakini bonde mnalokimbilia lina ngazi ndefu na kingo zenye mteremko. Panda ukitembea, shuka ukikimbia, rudia kwa saa nzima, na baada ya miezi kadhaa mapaja yako yatakuwa yamebadilika. Pamoja na hayo, zoea kukimbia siku mbili mfululizo, kwa mfano kwa muda wa saa 5 siku ya Jumamosi na saa 4 siku ya Jumapili, ili mwili uzoee kuanza kazi ukiwa umechoka. Mazoezi hayo yana faida kubwa kuliko kujitutumua kukimbia kilomita 80 kwa siku moja, jambo ambalo hukulaza wiki nzima.

Kisha jifunze usiku. Mapema mwezi wa Agosti jua la Grande Cache huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi. Mbio zikianza saa mbili asubuhi, mtu anayehitaji saa 22 au 23 atakuwa njiani usiku mzima. Kati ya saa nane na saa kumi za usiku mwili hudai usingizi kwa nguvu, hamu ya kula hutoweka, na watu wazima wenye akili timamu huona kisiki wakadhani ni mtu ameketi. Hilo si jambo la kulikuta kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Nendeni msituni usiku, wawili au watatu, mkiwa na taa na betri za akiba, mkizungumza kwa sauti ili dubu wawasikie kabla hamjawakaribia, na kila mmoja akiwa na dawa ya kupulizia dubu mahali mkono unapofika.

Jambo la mwisho ni mavazi, na hapa naomba nisomwe kwa uzito. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 huko Gansu, China, wakimbiaji 172 walianza safari wengi wao wakiwa wamevaa kaptula na fulana, kisha upepo, mvua ya barafu na baridi vikawakuta kwenye sehemu ya juu ya mlima. Watu 21 walifariki, na miongoni mwao alikuwa Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji hodari kabisa wa masafa marefu nchini China. Baridi hiyo haikuchagua dhaifu. Kwa hiyo, uwe peke yako au katika timu, koti lisilopitisha maji, glavu, kofia, blanketi la dharura na filimbi vibebwe hata kama asubuhi ya Grande Cache ni ya jua kali, maana kileleni Hamel hali inaweza kubadilika kabisa ndani ya saa moja.

Muuguzi wa Usiku

Kaka zangu wameeleza mengi mazuri. Mimi ni muuguzi, na nimejitolea katika mahema ya huduma ya kwanza kwenye mbio ndefu, kwa hiyo nitazungumzia maji, chumvi na dawa, ambavyo vyote vina hatari ambayo watu hawaijui.

Wengi wameambiwa wanywe maji mengi kadiri wanavyoweza. Ushauri huo umewahi kuua. Mtu akinywa kuliko anavyopoteza, sodiamu katika damu hushuka, ubongo huanza kuvimba, na dalili zake za awali, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana kabisa na za mtu aliyekaukiwa, kwa hiyo wenzake humpa maji zaidi. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio na wale waliokaa barabarani kwa zaidi ya saa 4. Huko Grande Cache mtakuwa njiani mara sita ya muda huo. Kunyweni mnapohisi kiu, kuleni vitu vyenye chumvi, na mkiona pete au kamba ya saa inabana kuliko asubuhi, punguzeni maji na mkamwone mhudumu.

Kuhusu dawa za maumivu, ninawasihi muache ibuprofeni na dawa za jamii yake wakati wa kukimbia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji wa mbio ndefu za jangwani waligawanywa, wengine wakapewa ibuprofeni na wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya kilomita 80, asilimia 52 ya waliokunywa ibuprofeni walikuwa na dalili za madhara ya ghafla ya figo, ikilinganishwa na asilimia 34 ya wenzao. Figo zinafanya kazi ngumu tayari kwa sababu damu imekimbilia miguuni na misuli iliyochanika inatoa taka nyingi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, safari yako imekwisha siku hiyo, na unahitaji hospitali.

Chakula nacho kifanyiwe mazoezi. Tumbo la mtu anayekimbia hupokea takriban gramu 60 za wanga kwa saa, na waliojizoeza kwa kuchanganya aina za sukari hufika 90. Tumbo ambalo halijazoeshwa hukataa hata nusu ya hizo. Mwuliza swali, ningependa kujua unakula nini katika mazoezi yako marefu.

Mkimbiaji wa Bondeni

Ninawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni, na mjadala wetu umebadilika.

Dada Muuguzi, katika kilomita 45 nilikula jeli za madukani na ndizi, na kuanzia saa ya tatu utamu ule ulinikinai kabisa. Mama mmoja katika kundi letu amependekeza viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na uji mwepesi kwenye chupa laini. Je, vyakula hivyo vinafaa milimani?

Ndugu Mwana wa Kivu, hoja yako ya mteremko imenigusa sana, kwa sababu sikuwa nimefikiria kushuka hata kidogo. Sasa najiuliza kama niingie na timu mwaka huu na nichukue kipande cha pili badala ya cha nne, kwa kuwa ndicho chenye vilele viwili na mteremko mkali, kisha mwaka unaofuata nijaribu peke yangu. Hofu yangu ni kwamba nitakuwa nimejifunza mlima lakini sijajifunza usiku.

Muuguzi wa Usiku

Vinafaa sana. Viazi na chumvi viko kwenye vituo vya mbio nyingi za milimani duniani, na uji una wanga na maji kwa pamoja. Hakikisheni tu kwamba hauna maziwa mengi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni kwa muda mrefu, na kwamba umepikwa siku hiyohiyo, maana saa nyingi juani huuchachusha. Supu yenye chumvi wakati wa usiku humrudishia hamu ya kula mtu ambaye tumbo limekataa kila kitu kitamu. Beba pia tende chache. Na kila chakula ukijaribu ukiwa umekimbia saa 3 au zaidi, kwa sababu kila kitu ni kitamu katika saa ya kwanza.

Mwana wa Kivu

Mpango wako ninauunga mkono, na ninaondoa pingamizi langu la timu kwa sharti moja. Ukimaliza kipande cha pili mchana, usilale. Kula, badilisha nguo, pumzika ukiwa umeinua miguu, kisha usiku uwe msaidizi wa wenzako wa kipande cha nne na cha tano. Kaa macho hadi mkimbiaji wenu wa mwisho afike. Utaona nyuso za wakimbiaji wa peke yao wanapoingia kituoni baada ya Hamel, utaona wanachoomba, wanachokataa kula, na namna wasaidizi wazuri wanavyowahudumia bila kuwauliza maswali mengi. Nimejifunza mambo mengi zaidi katika saa hizo za kituoni kuliko katika mazoezi yangu yoyote.

Na usidhani kwamba mchezo huu si wa watu wa kwetu. Simon Mtuy, mzaliwa wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda hadi kilele cha Uhuru na kushuka bila kusaidiwa na mtu yeyote kwa muda usiofika saa 10, na ameshiriki mara kadhaa mbio za maili 100 za Western States kule California. Wabeba mizigo wetu wa Kilimanjaro na Rwenzori wana mapaja ambayo wakimbiaji wengi wa Ulaya wangeyatamani. Kinachotukosesha nafasi ni gharama za safari na viatu, wala si uwezo.

Nyayo za Lushoto

Nami nakubali kwamba kipande cha pili ndicho kinachokufaa. Cha nne mpeni yule mwenzenu mwenye subira kuliko wote, na kama ni dada, vizuri pia, kwa sababu katika mbio ndefu za milimani tofauti kati ya wanawake na wanaume hupungua kuliko barabarani, na wanawake wengi hupangilia mwendo wao vizuri kuliko sisi.

Nina mambo mawili ya utaratibu. Kutoka Edmonton hadi Grande Cache ni zaidi ya kilomita 400 kwa gari, na mji huo, uliojengwa mwaka 1969 kwa ajili ya makaa ya mawe, hauna nyumba nyingi za wageni, kwa hiyo tafuteni mahali pa kulala au pa kupiga hema mara tu mtakapojiandikisha. Pili, timu ya watu watano inahitaji magari mawili. Moja linamfuata anayekimbia hadi kituo kinachofuata, na lingine linampeleka anayesubiri na kumrudisha aliyemaliza. Mkiwa na gari moja tu, kuna mtu atakayeachwa kituoni saa nyingi akiwa na nguo zilizolowa jasho, na Mwana wa Kivu amekwisha kueleza kuhusu baridi. Mpate dereva ambaye hakimbii kabisa, mtu aliyelala vizuri usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu baada ya usiku huo hakuna yeyote kati yenu atakayefaa kushika usukani kurudi Edmonton.